Karavani ya Vitanda Viwili

Jumamosi, 12 Aprili 1997

Lubumbashi ilibadilisha mabwana Jumatano, waasi walipoingia, na leo nimepanda juu ya benchi hapa Brussels, pale Porte de Namur, nikawaambia watu wa Matonge, mtaa wetu wa Wakongo, kwamba historia haiwangoji wanaofunga kamba za viatu. Nilizungumza dakika arobaini bila karatasi, na kila nilipotamka neno "nyumbani" nilisikia umati ukivuta pumzi kama mtu mmoja. Nimeshikwa mkono na watu nisiowajua. Kisha mvua ikanyesha, kila mmoja akaondoka na wake, na katibu mkuu wa umoja wa wanafunzi, yaani mimi, akabaki chini ya paa la kituo cha basi na kipaza sauti cha kuazima.

Hakuna aliyeniuliza ninakula wapi. Ninakula kwa Papa Polycarpe na Maman Viviane, tangu siku niliyoteremka treni Gare du Midi miaka mitatu iliyopita na anwani yao nyuma ya bahasha. Si ndugu zangu. Papa alipanga barua za posta miaka ishirini na sita. Maman aliosha na kugeuza wagonjwa hospitalini. Sasa wamestaafu wote wawili. Hawakujaliwa mtoto, lakini mtaa mzima huwaita papa na maman, kwa sababu karibu kila Mkatanga, mtu wa upande wetu wa Lubumbashi, aliyefika Brussels bila pa kulala amelala katika nyumba yao. Mimi ndiye mgeni wa sasa. Bafu la nyumba hii lina mlango mmoja tu, nao unafunguka kutoka chumbani kwao. Kila nikitaka kunawa napita miguuni pa kitanda chao. "Pita tu," husema Papa bila kuinua macho.

Leo macho yake yalikuwa kwenye gazeti la matangazo ya karavani, zile nyumba ndogo za kuvutwa na gari.

"Bantu walipiga makofi?" Maman akaniuliza. Kwake watu ni bantu.

"Walipiga."

"Bon. Chakula iko chini ya sahani."

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Mhadhara wa sheria ya katiba. Sikuzungumza na mtu isipokuwa mwenye duka la fotokopi.

Jumapili, 20 Aprili

Wamenunua karavani. Nami nimeshuhudia, kwa kuwa Papa alisema macho matatu yanaona kuliko mawili, na Maman akamjibu kwamba sisi ni watu watatu, macho sita, na yake yote mawili hayaoni kitu.

Muuzaji ni Florent, Mbelgiji mjane aliyefanya kazi na Papa posta. Ana uwanja wenye banda huko Anderlecht, kando ya mfereji. Alikuwa na karavani mbili: moja kubwa ya vitanda vinne, nyingine ndogo, rangi ya maziwa na mstari wa kahawia, ya vitanda viwili.

"Bei ni ileile," Florent alisema kwa Kifaransa. "Chukua kubwa, Polycarpe. Nakujua. Watu wako watalala wapi?"

"Ndogo," Papa akasema.

"Lakini Papa," nikaingilia, "na mgeni je?"

Maman akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Mugeni atalala kwake."

Nami nikacheka. Kisha Maman akavua viatu, akaingia peke yake, akavuta mlango. Tulisimama matopeni tukimsikia akifunga komeo, akifungua, akifunga tena. Alikaa ndani muda mrefu hata Florent akamtazama Papa, na Papa akatazama mfereji.

Sikuhitaji kuelezwa. Katika mtaa wetu mtu wa umri wao hanunui chombo chenye magurudumu kwa ajili ya Ubelgiji. Gari hununuliwa, hujazwa mizigo ya ndugu mpaka juu, hupelekwa bandari ya Anvers, husafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa barabara hadi Lubumbashi, na mwenyewe hulifuata kwa ndege. Miaka ishirini na saba wamekuwa wakisema "mwaka ujao tunarudi", kama tunavyosema sote. Sasa wanarudi. Nimeona fahari kubwa. Na nyuma ya fahari nimehisi ubaridi: wakienda hawa, sitakuwa na mtu hata mmoja katika jiji hili anayeniwekea chakula.

Jumatano, 30 Aprili

Papa ameshona mapazia kwa mkono. Mtu aliyepanga barua za taifa zima sasa anapanga vikombe viwili.

Jumapili, 18 Mei

Utawala umeanguka. Kinshasa imechukuliwa jana, na leo Matonge haikuwa mtaa bali mto. Wanawake walicheza kati ya magari. Polisi wakaacha wacheze.

Nilipopanda juu ya benchi nilikuwa na hotuba niliyoiandaa kwa wiki tatu. Nikaiacha. Nilimwona Papa Polycarpe pembeni, kofia mkononi, na sentensi ikaja yenyewe. "Mnataka mfano?" nikauliza. "Mtazameni mzee huyu. Wengine wanafunga mizigo midomoni tu. Yeye amenunua nyumba yenye magurudumu, na katika nyumba hiyo atarudi alikozaliwa. Ikiwa miaka sitini na minane haiogopi barabara, ninyi wenye ishirini mnaogopa nini?"

Sijapata kupigiwa makofi namna ile. Vijana walimwinua Papa mabegani. Nilimwona juu ya vichwa, amekumbatia kofia kifuani, mdomo wake ukifunguka na kufungika. Nikadhani analia kwa furaha.

Jioni Papa na Maman walikula bila kuinua macho. Nami nikakoleza chakula chao kwa maneno yangu.

Jumanne, 20 Mei

Papa Kabamba, mwenyekiti wa chama cha watu wa Katanga, amekuja na cherehani begani.

"Polycarpe, ndugu yangu. Hii machine ni ya dada yangu wa Likasi. Jina nimeandika hapa chini. Akikuona atalia."

"Kabamba, ile caravane iko kidogo..."

"Itaingia. Haiko na makalio kama yako."

Papa aliitazama cherehani, akanitazama mimi, kisha akasema, "Bon. Weka pale."

Desturi yetu iko wazi: anayerudi ana mikono miwili, mmoja wake, mwingine wa jirani. Mzigo wa ndugu haukataliwi.

Jumanne, 27 Mei

Magodoro mawili. Masufuria yaliyofungwa kwa waya. Viatu vya shule vya watoto ambao hakuna hapa aliyewaona. Redio. Kiti cha mtoto. Gauni la harusi. Papa Kabamba amepata nafasi melini kwa ajili ya karavani, tarehe 30 Juni, na ametangaza tarehe hiyo kanisani.

Jumapili, 1 Juni

Tulikwenda Anderlecht, kwa Florent, ilikowekwa karavani, kupeleka mizigo ya wiki. Mlango wa karavani ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. Vitanda havionekani. Mapazia ya Papa yamebanwa nyuma ya godoro.

Nilitoa pongezi, nikasema kwamba katika chumba hiki kidogo imo nchi nzima. Papa akaketi nje kwenye kiti cha Florent, mgongo ukielekea karavani. Maman aliingiza vidole, akavuta ncha ya pazia, akaiachia.

Ijumaa, 6 Juni

Mtihani wa sheria za kimataifa. Nimeujibu kana kwamba nahutubia. Baada yake wenzangu wote walikwenda kunywa mahali fulani, sikujua wapi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika polepole, kwa kuwa sijui bado nina haki gani ya kuandika.

Papa alikuwa ametoka. Maman alikuwa jikoni akichambua majani ya lengalenga, jua la mchana mezani.

"Inès, ikala. Minataka kukuambia kitu, na usinifanyie discours."

Nikakaa.

"Sisi hatuendi Congo."

Nikauliza kama meli imeahirishwa.

"Meli iko. Sisi njo hatuendi. Caravane tulinunua juu ya kutembea. Ku milima ya Ardennes, ku bahari ya Ostende, France kama ile gari itakubali. Miye na Polycarpe. Tunafika pahali, tunalala, tunaamuka, tunaenda."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tungesema wapi? Weye ulishasema mbele ya bantu wote. Polycarpe wakamubeba juu. Muntu wakimubeba juu atasema nini? Munishushe, siendi?"

Basi nikatoa ile hotuba aliyonikataza. Nilisimama. Nikasema juu ya wajibu, juu ya kizazi kilichongoja, juu ya nchi inayohitaji mikono ya wazee na akili za vijana. Nikauliza kama watu walikufa ili sisi tukaangalie mawimbi Ostende. Sentensi zangu zilikuwa timamu, kila moja na mkia wake. Maman aliendelea kuchambua majani, haya bakulini, haya karatasini, akaniacha nifike mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Maman."

"Tangu soixante-dix, mwaka tulifika hapa, minalala na mulango wazi. Muntu anapita kuoga, muntu anapita kukojoa, muntu analia juu visa wamemukatalia. Minapenda bantu, Mungu anajua. Mutoto akikomala anaenda kwake. Wageni hawaishi kuja, Inès. Nina miaka makumi sita na tano na sijagombana na bwana yangu kwa sauti hata siku moja, juu kila siku kuko muntu anasikia. Minataka kugombana naye mara moja, mulango umefungwa."

Nikauliza, "Na Lubumbashi?"

"Lubumbashi mama alishakufa, baba alishakufa. Tukifika kule tutakuwa papa na maman ya nani? Ya bantu wote tena."

Akafunga karatasi ya mashina.

"Sasa Polycarpe anasema tutaipeleka ku Anvers kweli. Iende na mizigo ya bantu, tuseme tutaifuata nyuma. Anaona haya. Ile caravane ataipoteza, na hatanunua ingine, minamujua. Nilitaka ujue, juu weye njo ulianza."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi yote nimeandika hoja dhidi yao. Kurasa sita. Usaliti, starehe, ubinafsi wa wastaafu. Nilipozisoma tena nikaona kwamba katika kila ukurasa neno "taifa" linaweza kufutwa, likaandikwa "mimi", na hoja isimame vilevile. Sikutaka waende Ostende. Sikutaka waende Lubumbashi pia, nilipigia tu makofi safari niliyoiogopa. Nilitaka wakae hapa, waniwekee chakula chini ya sahani.

Nilikwenda kunawa. Nikafika mlangoni pa chumba chao na kusimama. Wao walikuwa kitandani, wakisoma gazeti moja, Papa kurasa za kwanza, Maman za mwisho.

"Pita tu," akasema Papa.

Sikuweza. Nilichukua taulo nikaenda kuoga kwenye bwawa la kuogelea la manispaa, nikalipa kama mtalii.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemweleza Crispin, rais wa umoja wetu. Tulikuwa mkahawani, chaussée de Wavre, naye alikuwa akila viazi vyangu.

"Iache iende," akasema. "Donc mzee anapoteza kibanda. Chuma kinapotea kila siku."

"Si chuma. Ni chumba chao cha kwanza."

"Inès, ile hotuba ndiyo bora uliyowahi kutoa. Ukiikana, nani atatuamini? Mzee amekuwa bendera. Bendera haiulizwi kama inapenda kupepea."

Mwezi mmoja uliopita ningemwomba Crispin ruhusa ya kuitumia sentensi hiyo. Leo niliisikia kwa masikio ya mtu aliyebebwa juu, amekumbatia kofia.

"Kuna mkutano Jumamosi," nikasema. "Niandikie jina kwenye orodha ya wasemaji."

"Utasema nini?"

"Vitu vichache."

"Weye? Vichache?" Akacheka, akamaliza viazi.

Jumamosi, 21 Juni

Ukumbi wa nyuma ya kanisa, viti vyote vimejaa. Papa na Maman hawakuwapo, sikuwaambia. Watu walipiga makofi kabla sijafungua mdomo, na nilingoja mpaka yakaisha, maana nilijua ni ya mwisho.

Nikasema hivi, na nanukuu kwa ukamilifu kwa sababu ni fupi: "Tarehe kumi na nane Mei niliwaambia kwamba Papa Polycarpe anarudi nyumbani na karavani yake. Hakuniambia hivyo. Sikumuuliza. Nilisema kwa niaba yake kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri. Karavani ni yake na mkewe, ya kutembea na kupumzika. Mizigo yenu nitairudisha mwenyewe, mlango kwa mlango. Kosa si lao."

Papa Kabamba akainuka taratibu, akiegemea kiti cha mbele.

"Kupumuzika," akasema. "Kupumuzika na nini? Miaka hii yote walichoka na nini? Na sisi?"

Ningeweza kujibu kwa njia kumi. Nimefundishwa kukwepa swali kama hilo kwa swali lingine.

"Na sisi," nikasema. "Na mimi."

Hapo mama mmoja aliyeleta gauni la harusi akasema kwamba alishamwandikia bibi harusi barua. Mwingine akasema wanafunzi wote ni waongo, wanasoma ili wadanganye vizuri. Mtu akapiga mluzi. Papa Kabamba akanyoosha kidole: "Dada yangu anangojea machine, mutoto weye. Anangojea. Kila Jumapili ananiuliza ku téléphone iko wapi." Kisha sauti yake ikaishiwa nguvu, akakaa, akafuta miwani kwa tai yake. Crispin akachukua kipaza sauti, akasoma ajenda ya pili.

Nilitoka kupitia katikati ya viti. Watu waliokuwa wakinishika mkono walivuta magoti pembeni ili nisiwaguse.

Jumanne, 24 Juni

Cherehani. Kutoka Anderlecht kwa tramu mbili. Papa Kabamba alifungua, akaipokea, akafunga mlango. Nilisikia akiiweka chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Alhamisi, 26 Juni

Godoro la kwanza, kichwani, mpaka nyuma ya Gare du Midi. Bibi mmoja wa Kibelgiji akaniuliza kama ninahama. Nikamwambia bado.

Ijumaa, 27 Juni

Mvua. Godoro la pili. Gauni la harusi nimelibeba ndani ya koti langu ili lisilowe. Mwenyewe hakunishukuru, lakini alinipa taulo nijifute, akangoja nimrudishie.

Jumamosi, 28 Juni

Umoja umechagua katibu mkuu mwingine. Nimepata habari kwa bango ukutani.

Jumanne, 1 Julai

Wameondoka leo asubuhi.

Meli ilikwenda jana bila karavani. Papa hajasema neno hata moja juu ya mkutano, ingawa najua alisimuliwa na watu wasiopungua kumi. Jana nilimkuta akipiga pasi mapazia. Leo, uwanjani kwa Florent, alinishika bega, akanionyesha jinsi miguu ya karavani inavyokunjwa. Alinionyesha yote minne.

Maman aliniita ndani. Ilinukia sabuni. Vitanda viwili, meza ya kukunja, jiko la mioto miwili.

"Ikala."

"Ni kitanda chako, Maman."

"Njo maana minakuambia ikala."

Nikakaa. Naye akakaa kitanda cha pili, magoti yetu yakigusana, maana nafasi ni ndogo kweli. Akaniambia mkataba wa nyumba unaisha mwisho wa Agosti na hawataurefusha, nisitafute chumba kwa haraka, nisikubali chenye ukungu ukutani. Akasema bafu sasa ni langu. Kisha akaniambia nitoke, Polycarpe hawezi kusubiri na Florent anaonyesha njia vibaya.

Florent kweli alionyesha vibaya. Karavani ilikwenda kushoto walipotaka kulia, ikagusa banda, ikasimama. Vioo vya gari vilikuwa vimepandishwa. Nikamwona Maman akigeuka, mikono ikiruka. Nikamwona Papa akiacha usukani na kumjibu, kidole juu, mdomo wazi kuliko nilivyowahi kuuona. Walibishana pale kwa dakika nzima au zaidi. Sikusikia hata neno moja.

Kisha wakapita lango.

Alhamisi, 3 Julai

Sijatamka neno tangu juzi. Nimejaribu sauti bafuni. Bado ipo.

Jumapili, 6 Julai

Nimefaulu mitihani yote. Nimelisoma jina langu kwenye orodha, nikashuka ngazi za chuo, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani nikiwaona watu wa Matonge wakivuka barabara wanaponiona. Siwalaumu. Niliwapa nyumbani kwa dakika arobaini, kisha nikawanyang'anya kwa dakika mbili.

Saa tisa mchana simu ililia. Maman, kutoka kwenye kibanda cha simu karibu na La Roche, huko Ardennes. Mvua inanyesha kule pia. Papa amenunua kofia nyingine. Wanalala mpaka saa nne asubuhi, jambo ambalo ni aibu, akasema, usimwambie mtu. Nikamwambia nimefaulu. Akamwambia Papa kwa sauti, na Papa akasema kitu ambacho sikukipata.

"Inès," Maman akasema. "Mbona ku nyumba iko kimya vile?"

"Wamelala."

"Nani?"

"Wageni. Wamefika vijana watatu kutoka Kolwezi. Wamechoka na safari."

Nilisikia mvua ya kule ikipiga kioo cha kibanda.

"Minaweza kumuambia Polycarpe turudi," akasema. "Si mbali. Kesho tunafika."

"Mtalala wapi, Maman? Nyumba imejaa."

Maman Viviane amepokea watu miaka ishirini na saba. Anajua nyumba yenye wageni inavyosikika.

"Bon," akasema. "Basi uwapikie vizuri."

"Nitawapikia."

Kadi yake ya simu ikaisha. Nikaenda jikoni, nikabandika maji ya bukari, ugali wetu, nikashika mfuko wa unga juu ya sufuria. Sijui kipimo cha mtu mmoja. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kukihitaji.